Bei ya Shotistopu

Siku timu yetu ya besiboli ya hapa Minnesota ilipotangaza kwamba imemnunua yule shotistopu, simu ililia nikiwa nakaanga maandazi. Nilijua ni nani kabla hata sijafuta mikono. Mtani wa mume wangu hakuwa mtu wa salamu.

"Shemeji, mpe simu huyo Mzaramo. Mwambie wamepigwa! Wamepigwa mchana kweupe!"

Nikaipeleka gereji, ambako mume wangu alikuwa na redio yake na koti lake la baridi, maana hiyo gereji ndiyo ilikuwa sebule yake kiangazi na kipupwe. Akaiweka simu sikioni. "Wewe mbeba mizigo," akasema, "umejulia wapi bei ya kitu chochote? Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, wakalipwa kaniki." Basi, wakaanza. Maandazi yakaiva, chai ikapoa, wao bado wako kwenye simu, mmoja Oakdale na mwenzake Eden Prairie, ng'ambo ya pili ya mji, wanatukanana kwa raha zao.

Shotistopu ni yule mchezaji wa besiboli anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, pale ambapo mipira hupita kwa kasi kuliko kwingine kote. Kazi yake ni kuizuia isipite. Huyu wa kwetu alikuwa amemaliza mkataba alikotoka, yuko huru kwenda anakotaka, na timu kadhaa zilikuwa zinamgombania. Yetu ikashinda kwa kumwaga hela, tena mkataba wa miaka mingi, na mwenyewe ameshavuka thelathini. Mtani akasema miaka ya mwanzo haina neno, atacheza, lakini mbele ya safari watakuwa wanamlipa mzee asiyeweza kuinama kufunga kamba za viatu. Mume wangu akamjibu kwamba mtu hanunuliwi vipande. Huwezi kuchukua miaka yake mizuri halafu ile mibovu ukamwachia mwenyewe. Ukimtaka, unamchukua mzima, na hiyo miaka ya mwisho ndiyo bei ya ile ya mwanzo.

Mimi nilikuwa nawasikiliza nikisema moyoni, khaa, watu wazima hawa, na hela zenyewe si zao.

Walikutana mwaka wetu wa kwanza Minnesota, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Walutheri, tulipokaribishwa chakula baada ya ibada. Kila mmoja alikuwa ameshika sahani ya viazi vya kuokwa na jibini, hajui aanzie wapi. Wakaulizana kwao wapi. Huyu akasema Kisarawe, yule akasema Tabora, na hapo hapo matusi yakaanza, mara mvivu wa kucheza ngoma, mara punda wa misafara, mpaka mama mmoja wa Kizungu akaja kuwatenganisha. Alidhani pana ugomvi. Loo, tulicheka siku ile! Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtu aliyempata mtani wake ugenini, kwenye theluji, amepata ndugu.

Lakini utani si wa kucheka tu. Una kazi yake, na kazi yake kubwa iko msibani. Ukifa, ndugu zako wanapokuwa wamelala chini kwa kilio, mtani wako ndiye anayeingia na kukusema. Anatangaza uchoyo wako, uvivu wako, jinsi ulivyokuwa unakoroma. Atalala ndani ya kaburi, atazuia jeneza, atagoma kutoka mpaka apewe chochote, hata senti moja. Akishalipwa anasogea, marehemu anapita. Watu wanacheka, na kile kicheko ndicho kinachofungua kilio kilichokuwa kimekwama. Nimezika wazazi wangu wote wawili namna hiyo, na sijui namna nyingine.

Binti yetu, mtoto wetu pekee, kazaliwa huku. Kiswahili anakisikia chote, huwezi kumsengenya mbele yake, ila atakujibu kwa Kiingereza. Utotoni alikuwa anakaa gereji juu ya kile kisanduku cha barafu cha kupozea soda, baba yake upande huu, mtani upande ule, redio katikati, anageuza shingo huku na huku kufuata matusi. Neno la Kiswahili alilolitamka mwenyewe bila kubembelezwa lilikuwa "mbeba mizigo". Alilisema kwa lafudhi yake hiyo ya pua, na mtani akaanguka chini kwa kicheko. Utani wa gereji aliujua. Wa makaburini hakuna aliyemwambia, maana hajawahi kuzika mtu nyumbani Tanzania, na huku watu huzikwa kimya kimya, kwa sauti za chini.

Shotistopu alikuwa bado na miaka mingi kwenye mkataba wake wakati mume wangu alipoanza kuumwa. Ugonjwa ulianza tumboni kama vidonda vya kawaida. Haukuwa vidonda.

Mimi kazi yangu ni kuuguza. Nilikuwa nauguza watu hospitalini Minneapolis, nikitoka nakuja kumuuguza wa kwangu Oakdale. Binti akaacha chumba alichokuwa amepanga mjini, akarudi nyumbani tupokezane. Alijifunza kugeuza mgonjwa, kubadili mashuka mtu akiwa juu yake, kusonga ugali laini wa kula na mchuzi. Sikumsikia akilalamika hata siku moja, na mimi, mama mtu, nikadhani kutolalamika ni kutochoka.

Alasiri moja nilikuwa namwogesha mume wangu kitandani. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Akanitazama nikikamua taulo, akasema, "Mke wangu, umepigwa."

Nikamwelewa papo hapo, na hasira iliyonipanda Mungu ndiye anayeijua. Nikalitupa taulo kwenye beseni, maji yakamrukia usoni. "Mimi ndiye niliyekununua? Si wewe uliyeleta posa kwetu, ukasumbua watu miezi na miezi? Kama kuna aliyepigwa hapa ni wewe. Inua mkono huko nikuogeshe!" Akacheka mpaka akakohoa, nami nikamfuta yale maji usoni, nikiwa bado nimenuna.

Mtani alikuwa anakuja kila Jumapili, anakatiza mji mzima kwa gari. Hakupunguza hata neno moja. "Bado upo?" ndiyo ilikuwa hodi yake. "Mimi nimeshashonesha suti." Halafu anakaa kwenye kiti karibu na kitanda, wanasikiliza mechi, na kila shotistopu akikosa mpira, mtani anasema, "Hela hiyo inapotea," na mume wangu anasema, "Nyamaza, subiri."

Jumapili moja, binti akiwa kazini, mume wangu akamshika mtani mkono. Ule mkono wake ulikuwa mwepesi sana wakati huo. "Utanizuia?" akamwuliza.

"Nitalala mlangoni. Hutoki mpaka nilipwe."

"Zuia vizuri. Usinionee huruma mbele za watu. Nikisikia umelia, tumeachana."

"Nilie mimi? Nimlilie Mzaramo?" Mtani akainuka, akaenda jikoni, akafungua bomba, akasimama pale ameipa mgongo nyumba nzima, maji yanatiririka. Nilimwacha. Aliporudi akaanza kumsema mume wangu kwamba amejilimbikizia mito yote ya nyumba peke yake.

Mume wangu alikufa wiki ile theluji ilipokuwa nzito kuliko zote, na tukamuaga kwenye kanisa lile lile tulikokula viazi. Wabongo walijaa, wafanyakazi wenzake Wazungu walijaa, kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri kwa Kiingereza, mzee wetu mmoja akatafsiri. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekaa kavu, nimefunga khanga kiunoni juu ya koti, na kwenye pindo la leso yangu nilikuwa nimefunga noti ya dola moja tangu asubuhi. Nilikuwa nasubiri.

Wanaume walipolibeba jeneza kulipeleka kwenye gari, mtani akawatangulia mbio, akajibwaga kwenye kizingiti cha mlango mkubwa, miguu huku, kichwa kule, suti yake mpya, kofia ya timu kichwani. Upepo wa baridi ukaingia wote kanisani.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Jamani, tumepigwa! Huyu tulimpa mkataba mrefu. Tukampa mke mzuri, ambaye mpaka leo hatujui alimpendea nini. Tukampa binti mwenye akili, na kwao akili hazipo. Tukampa nyumba yenye gereji! Na yeye kafanya nini? Katoka uwanjani ngwe ya sita kati ya tisa, mechi haijaisha! Hii miaka ya mwisho tumemlipa amelala kitandani, hazuii mpira wala haokoti. Ghali! Ghali mno huyu! Nani alisaini? Nataka hela yetu irudi, la sivyo tunalala wote hapa!"

Wabongo wakaangua kicheko. Nami nikacheka, mama yangu wee, kicheko kilitoka tumboni, cha kwanza tangu sijui lini, na nyuma yake nikausikia msiba unapanda, ule wenyewe, unakuja. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kufungua lile fundo la leso.

Binti yangu akasimama. Akapita mbele ya wabeba jeneza, akamsimamia mtani kichwani, akasema kwa Kiingereza, kwanza taratibu, mara ya pili kwa sauti ya kutetemeka ambayo kanisa zima liliisikia: inuka, toka hapa, huyu ni baba yangu.

Kicheko kikafa. Mtani akanitazama mimi. Na mimi nilikuwa nimesimama na leso yangu, nusu imefunguliwa. Nikilipa, nimemwaibisha mwanangu mbele ya jeneza la baba yake. Nisipolipa, nimemwaibisha mtani mbele ya mtani wake. Nikiwa bado nawaza hilo, mtani akainuka mwenyewe. Akakung'uta suruali, akavua kofia, akatoka kuelekea kwenye maegesho bila koti. Jeneza likapita bure. Kicheko changu kikaishia kooni, na kile kilio kilichokuwa nyuma yake kikakaa hapo hapo.

Makaburini nilimwona kwa mbali, amesimama kando ya gari lake. Hakusogea. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Nilipompigia alipokea kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonikata maini. "Shemeji," akasema, "mtani akifukuzwa msibani hajirudishi mwenyewe." Akaniuliza habari za afya, akaniaga. Mtu ambaye hajawahi kuniuliza habari za afya!

Nikabaki na binti. Tulikuwa tunapishana kwenye ile nyumba kama wapangaji. Anapika, nakula, naosha vyombo, anapanguza. Kitanda cha mgonjwa kilikuja kuchukuliwa, chumba kikawa kipana ovyo. Watu wa kanisani walinisifu kwa ujasiri, kwamba silii. Ujasiri gani? Nilikuwa nimeziba. Niliamka na lile bonge kooni, nikalala nalo, na kila nilipofikiria mume wangu nilimwona amesimama mahali, hajaruhusiwa kupita na hajakatazwa.

Theluji ikayeyuka, msimu wa besiboli ukaanza. Alasiri moja nikaenda gereji, nikakalia kiti chake, nikawasha redio. Sikuwahi kuupenda huo mchezo, nilitaka ile sauti tu. Watangazaji walikuwa wanamzungumzia nani kama si shotistopu wetu. Mpira ulikuwa umempita miguuni. Wakaanza kuulizana kwa sauti za kisomi, je, timu ilimlipa kupita kiasi? Nikaijibu redio kwa nguvu zangu zote: "Ndiyo, walipigwa! Walipigwa, kwa hiyo? Mlitaka wamchukue nusu? Ningekuwa mimi mwenye timu ningepigwa tena na tena, na nyie inawahusu nini?"

Binti akatokea kwenye mlango wa jikoni. Akaja mpaka pale, akaizima redio.

"Iwashe hiyo," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Akasema kwa Kiingereza kwamba nilicheka. Kwamba baba yake alikuwa kwenye sanduku, na mtu anasema alikuwa ghali, na mimi, mke wake, nilicheka.

Basi yote niliyokuwa nimeyafungia miezi yote ile yakanitoka. Nikampa maneno. Nikamwambia utani ni nini na una kazi gani, na nani walizikwa hivyo kabla ya baba yake. Nikamwambia kwamba baba yake ndiye aliyeomba, kwa mdomo wake, kwenye kitanda kile, akasema zuia vizuri na usinionee huruma. "Ulimfukuza mtu aliyetumwa na baba yako," nikasema. Nilikuwa nafoka, mate yananitoka, sikujali.

Nilitegemea atanijibu. Alikaa juu ya kile kisanduku cha barafu, magoti juu, kama alivyokuwa akikaa zamani. Aliposema, alisema kwa Kiswahili, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

"Mama, mimi nilishasema."

"Ulisema nini?"

"Hiyo. Kwamba ni ghali. Sikusema kwa mdomo." Akatafuta neno, akakosa, akaendelea hivyo hivyo. "Asubuhi moja nilibadilisha shuka. Nikamaliza, akachafua tena. Akaniita. Mimi nikasimama pale koridoni, sikwenda. Nikamwambia Mungu, imetosha, mchukue. Tunalipa sana na Baba mwenyewe hayupo. Yeye anaita, mimi nasema hivyo." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Halafu Anko akasema mbele ya watu wote. Maneno hayo hayo. Nilifikiri aliniona."

Mwanangu mimi. Miezi yote ile nilidhani amekasirika kwa sababu kakulia ugenini.

Nikatoka kwenye kiti nikakaa naye chini, kwenye saruji. "Wewe ulisema mara moja," nikamwambia. "Mimi nilisema kila nilipomwaga lile beseni." Akageuka kunitazama aone kama namdanganya. Sikuwa namdanganya. Nilimpenda yule mtu mpaka mwisho, na nilitaka mwisho uje, na yote mawili yalikuwa ndani ya mkono mmoja uliokuwa unakamua taulo. Nikamwambia hivyo, kwa maneno niliyoweza.

Baadaye nikaingia chumbani, nikatoka na leso. Ile noti ilikuwa bado kwenye lile fundo nililoliacha nusu. Nikamfungulia, akaishika.

"Hii tu?"

"Hii tu."

"Siku ile ilikuwa inatakiwa hii tu?"

"Hata senti ingetosha."

Akaikunja. Ndiye aliyesema twende, mimi sikumsukuma.

Aliendesha yeye. Njia nzima ya kwenda Eden Prairie alikuwa ananiuliza aseme nini, nami namwambia, yeye anarudia, anakosea, anarudia. Tulipofika tukasikia mechi ikiunguruma ndani. Mtani alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota mvi, na alipotuona hakusema karibu. Alisimama katikati ya mlango, mkono huku na mkono huku.

Binti yangu akamnyooshea ile dola kwa mikono miwili, kama nilivyomwonyesha. "Tumekuja kulipa," akasema kwa Kiswahili. "Tunaomba njia."

Mtani akaitazama noti. Nikasubiri tusi. Nililitamani. Akafungua mdomo, akasema, "Hii, kwa Mzaramo yule, hii ni..." Akashindwa. Akajaribu tena, ikawa vile vile.

"Ni nyingi," binti akamsaidia. "Najua. Tumepigwa. Pokea, mbeba mizigo."

Akaipokea. Na yule mtu aliyekatazwa kulia, na akatii, kanisani akatii, makaburini akatii, miezi yote akatii, akalia pale mlangoni bila hata kujifunika uso. Lile bonge langu likashuka, nikamsikia mtu anapiga ukelele, kumbe ni mimi. Jirani mmoja akachungulia dirishani. Binti akanishika kiuno nisianguke.

Ndipo mtani akakumbuka kazi yake. Akajifuta kwa shati, akajisogeza pembeni mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaufungua mlango wote, nafasi ya kutosha watu waliobeba kitu kizito. "Haya," akasema, "mpitisheni huyo Mzaramo." Tukapita, binti yangu mbele, mimi nyuma.